Bumu: Kipande cha Windisefingi Kilichofika Mahakamani, na Mafundi Ambao Majina Yao Hayapo Popote

Ukipitapita Instagram siku ya wikiendi, lazima ukutane na ile video: mtu kasimama juu ya ubao katikati ya bahari, tanga la rangi kali limemwinamia, maji yanaruka, anapita kasi kama bodaboda iliyopewa barabara nzima peke yake. Watu wanaangalia tanga. Wengine wanaangalia kifua cha jamaa, tusifichane. Karibu hakuna anayeangalia kile alichokishika mkononi.

Kinaitwa bumu. Usilichanganye na bumu la mababu, lile jahazi kubwa lililokuwa likishuka na kaskazi kutoka Ghuba. Hili ni fito mbili zilizopinda, moja kila upande wa tanga, zimeungana mbele kwenye mlingoti na nyuma kwenye ncha ya tanga. Ukiliangalia kwa juu lina umbo la mtumbwi. Limevishwa mpira au sponji ngumu ili mkono usiteleze. Basi, ndiyo hilo tu.

Lakini hilo "hilo tu" lilizua kesi kubwa Uingereza, likaangusha hataza iliyokuwa inalindwa kwa nguvu zote, na mpaka leo ndilo linaloamua kama mtu atarudi ufukweni kwa tanga lake au kwa kuokolewa.

Mikono ndiyo demani

Kwenye ngalawa, tanga linaongozwa kwa kamba. Mabaharia wa pwani wanaiita demani: ukiivuta tanga linakaza, ukiilegeza upepo unapita. Kwenye windisefingi hakuna demani. Mikono yako miwili ndiyo demani.

Na si hivyo tu. Mlingoti wenyewe haujasimama imara. Chini umefungwa kwa kiungo kinacholala na kuzunguka pande zote, kwa hiyo ukiachia, tanga zima linalala majini. Usukani wa kushika pia hakuna. Ukitaka kubadili uelekeo unalaza tanga mbele au nyuma, huku miguu ikisaidia kuubana ubao. Kwa kifupi, gia, breki na usukani vyote vinapita kwenye bumu.

Kwa nini fito mbili na si moja? Kwa sababu tanga likijaa upepo linatoa tumbo. Leo tumbo liko kushoto, ukigeuka liko kulia. Ufito mmoja ulionyooka ungelikata tanga katikati ya hilo tumbo. Zikiwa mbili, na zimepinda, tanga linapata nafasi ya kupumua, na wewe unapata cha kushika kila upande unaohamia.

Sasa swali lililoleta vita ni hili: nani aliwaza hivyo wa kwanza?

Dogo wa miaka 12

Rudi mwaka 1958, kisiwa cha Hayling, kusini mwa Uingereza. Dogo mmoja wa miaka 12 anajiundia chombo chake cha kuchezea: ubao, mlingoti unaolala, tanga la pembetatu, na fito mbili, moja kila upande. Hakufungua kampuni. Hakuenda kusajili chochote. Alikuwa anakitoa wikiendi za kiangazi, watu wanamwona, anacheza, anarudi nyumbani. Akafanya hivyo misimu miwili, maisha yakaendelea.

Kuna kitu kimoja cha kukiweka kichwani hapa. Fito zake zilikuwa zimenyooka. Hazikupinda kama za leo. Ila upepo ukilijaza tanga, zilikuwa zinajipinda zenyewe.

Miaka sita baadaye, 1964, upande wa pili wa bahari, mchora mabango wa Pennsylvania, Marekani, anayeitwa Newman Darby, naye akatengeneza ubao wenye tanga. La kwake lilikuwa na umbo la tiara, lile la kurusha angani, na mtu alisimama akilipa mgongo, upepo ukilisukuma tanga limwegemee. Agosti 1965 makala yake ikatoka kwenye jarida la Popular Science, na michoro ya namna ya kujitengenezea mwenyewe. Hakuchukua hataza ya ubao ule. Aliumwaga ujuzi hadharani.

Kisha ikaja California, 1967. Jim Drake, injinia wa ndege, na Hoyle Schweitzer, mtu wa biashara ya kompyuta aliyependa kuteleza kwenye mawimbi, wakaweka vitu viwili pamoja kwa hesabu kali: kiungo kinachozunguka chini ya mlingoti, na bumu la fito zilizopinda. Wazo la fito zilizopinda halikuwa geni kabisa, maana mashua kubwa za matanga ziliwahi kulitumia miaka ya 1930. Ila wao walilishusha likawa kipimo cha mikono ya mtu mmoja. Mwaka 1968 wakaomba hataza, yaani hati ya kumiliki ubunifu. Mwaka 1970 wakaipata. Baadaye Drake akauza sehemu yake, na biashara ikabaki upande wa Schweitzer.

Baada ya hapo ni moto. Ubao uliuzwa kwa jina la Windsurfer. Kampuni ya nguo ya Uholanzi, Ten Cate, ikaanza kutengeneza kwa leseni mapema miaka ya 1970, na Ulaya nzima ikashikwa na wazimu huo. Ufaransa, Ujerumani, Uholanzi, kila ziwa lina matanga. Pesa ikaingia. Na pesa ikiingia, kinachofuata unakijua.

Kesi: fito zilizonyooka dhidi ya fito zilizopinda

Kampuni iliyoshika hataza ikaishtaki kampuni ya Tabur Marine huko Uingereza kwa kuuza mbao bila ruhusa. Hoja ilikuwa rahisi: huu ubunifu ni wetu, na wewe umechukua.

Tabur hawakubishana sana kuhusu ubao wao. Walichofanya ni kurudi nyuma. Walisema, ngoja, hiki kitu kilikuwepo kabla yenu. Ndipo likaibuka jina la yule dogo wa Hayling, ambaye sasa alikuwa mtu mzima: Peter Chilvers.

Fikiria hiyo picha. Kampuni ya kimataifa, mawakili, makabrasha, na upande wa pili mchezo wa mtoto wa miaka 12 ambao haukuandikwa kwenye jarida lolote.

Wenye hataza wakajitetea kwamba fito za Chilvers zilikuwa zimenyooka, na zao zimepinda. Mahakama ya Rufani, katikati ya miaka ya 1980, haikukubali. Kwa nini? Kwa sababu fito zile zikiwa kazini zilikuwa zinapinda zenyewe. Upepo ulikuwa umeshafanya kwa bure kile ambacho hataza ilidai ni ubunifu mpya. Juu ya hapo, mahakama ikaona kwamba fundi yeyote anayejua matanga, akisoma ile makala ya Darby, angefikia lile bumu bila kuumiza kichwa. Hataza ikaanguka Uingereza.

Kesi hiyo haikuishia ufukweni. Kutoka humo yalipatikana maswali manne ya kupima kama ubunifu ni mpya kweli au ni kitu cha wazi, na majaji wa Uingereza wameendelea kuyatumia, yakiwa yamerekebishwa kidogo, hata kwenye kesi za dawa na mashine. Drake mwenyewe baadaye alikubali kwamba hakuwa wa kwanza.

Kwa hiyo historia ikapata majina yake manne: Chilvers, Darby, Drake, Schweitzer. Ila kama asingehitajika mahakamani, yule dogo angebaki kuwa "mtoto mmoja aliyekuwa anacheza baharini". Alikuwa anakaribia kupotea kabisa.

Na wako wengi waliopotea.

Mti, alumini, kaboni

Kampuni zilitengeneza mabumu. Waliofanya yadumu ni watu wengine: wapiga msasa, wafunga kamba, wakata mipira, watu wenye kibanda nyuma ya ufukwe na ndoo ya maji baridi mlangoni. Hawa hawana hataza wala kesi. Wengi wao hawakuandikwa popote.

Mabumu ya mwanzo yalikuwa ya mti, tabaka za msaji zilizobandikwa gundi na kupindwa. Yanapendeza kama samani. Lakini mti na maji ya chumvi si marafiki. Vanishi ikichubuka maji yanaingia kati ya tabaka, gundi inaachia, na ufito unaanza kufunguka kama kurasa za kitabu kilicholoa. Ukarabati wake ulikuwa kazi ya seremala: kausha kabisa, tia gundi, bana, piga msasa, paka vanishi upya.

Bumu nalo lilifungwa kwenye mlingoti kwa kamba tu. Fundo likilegea, bumu linashuka taratibu huku uko baharini. Likikazwa kupita kiasi, linaumiza mlingoti. Baadaye, miaka ya 1980, vikaja vibanio vya kufunga kwa mkono mmoja, na kizazi kizima cha watu waliojua lile fundo kikakosa kazi.

Alumini ikachukua nafasi ya mti. Nyepesi, haiozi, bei inavumilika. Lakini alumini ina tabia yake. Inachoka. Ukiikunja na kuikunjua mara elfu, siku moja inaachia bila salamu. Na pale inapokutana na skrubu au ribiti ya chuma cha pua ndani ya maji ya chumvi, inaanza kuliwa. Unaona unga mweupe, kama chumvi iliyoganda, kumbe ndiyo alumini yenyewe inayoondoka.

Katikati ya miaka ya 1970, Hawaii, watu walianza kuvaa mkanda wenye ndoano unaowaunganisha na bumu kwa kamba fupi. Mikono ikapumzika, uzito wa mwili ukaning'inia kwenye kamba. Raha kwa mabega, balaa kwa bumu. Sasa sehemu mbili ndogo kwenye fito zilibeba mzigo wote, na kamba zikawa zinasugua palepale kila siku. Halafu zikaja kamba za kubana miguu kwenye ubao, watu wakaanza kuruka mawimbi. Ukitua vibaya, kishindo chote kinakwenda kwenye bumu. Mwaka 1984 mchezo ukaingia Olimpiki ya Los Angeles kwa wanaume, na 1992 Barcelona wanawake nao wakapata mashindano yao. Huku nyuma, rundo la mabumu yaliyovunjika lilikuwa linakua.

Kaboni ndiyo ya kisasa. Ngumu, nyepesi, haichezi mkononi. Ila bei yake inauma, na ikigongwa kwenye jiwe inaweza kupata ufa mdogo usioonekana. Fundi mzoefu huigonga kidogo kidogo kwa sarafu akisikiliza. Mahali pazima panalia sauti kali. Mahali penye jeraha panatoa sauti ya kufifia, kama kugonga papai lililoiva.

Kuvisha gripu upya: kazi ndogo yenye siri kubwa

Gripu ni ile ngozi ya bumu. Ikiwa mpya, mkono unashika bila nguvu. Ikizeeka inapasuka, inateleza, inaacha weusi viganjani. Mtu akishika gripu mbovu anakaza vidole zaidi, misuli ya mkono inajaa na kuuma, malengelenge yanatoka, na baada ya nusu saa vidole havifungi tena. Mtu wa namna hiyo akiwa mbali na nchi kavu, tayari ana tatizo.

Kuivua ya zamani ni hatua ya kwanza. Wembe unapita kwa urefu upande wa nje, taratibu, bila kuchimba ufito, kwa sababu mkwaruzo wa leo kwenye alumini au kaboni ndio ufa wa kesho. Gundi iliyobaki inatolewa kwa kutengenezea au asetoni, kidogo kidogo kwa kitambaa, nje kwenye hewa, mbali na sigara.

Hapo ndipo siri inapofunuliwa. Maji ya chumvi yanapenda kujificha chini ya gripu. Kwa juu bumu linaonekana zima, ukilivua unakuta mashimo madogo madogo, unga mweupe, mstari mwembamba wa ufa pale mbele lilipopinda kuelekea mlingoti. Fundi mzuri akiona ufa mahali pale hafuniki. Anamwambia mwenyewe ukweli: hili limekwisha. Fundi mbaya anavisha gripu mpya juu yake, anachukua pesa, na bumu linapendeza mpaka siku ya upepo.

Kama ufito ni salama, unapigwa msasa laini, unafutwa, unakauka. Kisha kuna njia kadhaa. Ya kwanza ni kuzungusha utepe wa gripu kama unavyofunga usukani wa baiskeli ya mashindano: unavuta kwa nguvu sawasawa, kila mzunguko unalalia uliopita kidogo tu, na ukingo unaelekezwa upande ambao kiganja kikiteleza hakitaubandua. Ya pili ni karatasi nzima ya sponji na gundi ya mpira. Unapaka pande zote mbili, unasubiri ikauke mpaka isishike kidole, ndipo unakutanisha. Hapa hakuna kujaribu mara mbili. Ikishagusa imegusa. Ndiyo maana mafundi wengi huanza kwa kupiga mstari wa penseli, na mshono wanauweka mahali ambapo kiganja hakikai.

Ya tatu ni ya watu wasio na duka karibu: tyubu ya baiskeli. Unafungua kipande cha nyuma cha bumu, unailainisha tyubu kwa maji ya sabuni, unaivuta kama soksi. Itakuchafua mikono, lakini inashika.

Jambo moja wanaoanza hukosea: kurundika gripu mpya juu ya ya zamani. Bumu linanenepa. Na bumu nene linachosha mkono haraka kuliko jembamba, kwa sababu vidole havifungi vizuri.

Likivunjika huko huko

Kuna kuvunjika kwa kibandani, na kuna kuvunjika kilomita mbili kutoka nchi kavu. Hii ya pili ndiyo iliyowafundisha watu mengi.

Ufito mmoja ukikatika, mara nyingi ule wa pili bado unashika, kwa hiyo unaweza kusogea polepole upande mmoja. Kamba ya ile ndoano, au hata kipande cha kamba ya tanga, inaweza kufunga jeraha kwa muda. Ikishindikana, unazungusha tanga, unalilaza juu ya ubao, unalala kifudifudi na kupiga kasia kwa mikono. Kama hata hilo halitoshi, unanyoosha mikono yote pembeni na kuipandisha na kuishusha taratibu, ishara ya kuomba msaada inayojulikana na mabaharia dunia nzima. Na sheria moja haina mjadala: usiuache ubao. Ubao unaelea. Wewe utachoka.

Mambo haya yalifika kwa watu kwa mdomo, ufukwe hadi ufukwe. Yakaja hata huku kwetu. Diani, Watamu, Paje, ambako siku hizi kaiti ndizo zimetawala anga, tatizo ni lile lile: jua kali, chumvi, mchanga, na kipuri kiko mbali. Mchanga ukiingia kwenye bomba la kurefusha bumu, likakauka na chumvi, linagandana kama limechomelewa. Dawa yake haina ufundi wowote: maji baridi kila ukitoka baharini, na kulichomoa bomba kabla hujaenda kulala.

Jina la nani?

Ukitafuta historia ya windisefingi mtandaoni utapata yale majina manne na tarehe zao. Sawa, wanastahili. Lakini kumbuka mahakama ilisema nini kwa maneno yake ya kisheria: kwamba mtoto aliyekuwa anachezea vijiti vyake baharini, bila karatasi wala kampuni, naye alikuwa ametengeneza kitu cha kweli. Kutokuandikwa hakukumfanya asiwepo.

Basi ipime hiyo kwa yule mtu aliyeketi kibandani leo, wembe mkononi, akivua gripu ya bumu la mtu asiyemjua. Anaona mstari wa ufa. Mteja yuko mbele yake, ana haraka, upepo umeshaanza. Akinyamaza analipwa. Akisema, anapoteza kazi ya siku hiyo.

Anasema. Mteja anakasirika, anaondoka, na jioni anarudi nyumbani mzima, bila hata kujua alichoepushwa.

Hakuna jarida litakaloandika hilo. Haya, wadau: kwenye mtaa wako, ni fundi gani aliyewahi kukataa hela yako ili akuambie ukweli? Mtaje hapo chini kwenye komenti, angalau jina lake likae mahali.